Tangi Lililokula Pumba

Saltley, Birmingham
Jumamosi asubuhi

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia umeanza kulipaka mafuta ya karafuu na sasa unainuka kwenye swala bila kushika ukuta. Nimefurahi sana kusikia hivyo. Mimi ni mzima, na Shangazi ni mzima ila mafua, ambayo hapa hayaagi yakishaingia nyumbani. Baridi imepungua. Watu wa mtaa huu wamevua makoti, mimi bado nimelishikilia langu. Mvua za masika huko Muheza zimekuwaje? Sikuulizi mvua kwa adabu tu, Baba. Mbele utaona kwa nini nahitaji kujua.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ukisema "si ndiyo?" mimi hujibu "ndiyo Baba" kabla sijafikiri. Ndivyo ilivyokuwa siku uliyoniuliza habari za Kaka Shaibu wa mashineni kwetu. Leo nataka nifikiri kwanza. Shangazi atazipiga picha kurasa hizi na kumtumia Mama, ili zikufikie kabla ya Ijumaa. Tafadhali soma zote, pamoja na ile yenye mchoro.

Ninachoomba nakiweka hapa mwanzoni kisije kikapotea katikati ya maneno: usisomeshe halbadiri Ijumaa kabla hujaligonga lile tangi la pumba.

Najua ninakuwa mtoto anayemwambia baba yake la kufanya. Naomba radhi. Ngoja nirudie mambo kama ulivyonieleza, unisahihishe nikikosea.

Pumba zinatoka kwenye mashine ya kukoboa, zinapulizwa kwenye bomba mpaka ndani ya tangi. Kaka Shaibu anafungua kibati cha chini, anajaza magunia, kisha anachanganya na mashudu na dagaa, ndiyo chakula cha kuku tunachouza. Masika haya ulilinganisha pumba zilizopaswa kuingia na zilizotoka, ukakuta magunia kumi na mawili hayapo. Ulipanda ngazi mwenyewe na goti lako lile, ukafungua kufuli la mfuniko ambalo ufunguo wake unao wewe peke yako, ukamulika tochi. Uliona mpaka sakafuni kupitia tundu la chini. Ukasema tangi ni tupu. Ulipomuuliza Kaka Shaibu pumba ziko wapi, alikujibu, "Tangi limekula, Bosi," na akatabasamu. Uliona anakufanyia mzaha. Ukamwambia akae nyumbani mpaka ustadhi aje kusoma halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi.

Kisha ukaniuliza mimi. Ulisema, "Wewe ulikuwa unakaa pale na madaftari yako kila jioni. Hujawahi kuona kitu?" Nikasema nilimwona akitoka kwa mlango wa nyuma na kiroba begani. Ukasema, "Basi."

Baba, sikusema uongo. Nilimwona. Lakini sikukwambia kwamba ilikuwa mara moja tu. Sikukwambia kwamba ilikuwa kabla sijasafiri, yaani masika mawili yaliyopita. Wala sikukwambia kwamba sijui ndani ya kile kiroba mlikuwa na nini. Ulitaka jibu, nami nikatoa nililokuwa nalo, likaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kushuku kila kitu. Nilimshuku Kaka Shaibu kwanza. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akinifundisha kufunga mdomo wa gunia kwa fundo moja, nikajiuliza kama alikuwa akinipumbaza nisimwangalie. Kisha nikamshuku fundi aliyetufungia lile bomba la pumba. Nilimshuku hata Shangazi, ambaye hajafika Muheza miaka sita, kwa sababu tu anafunga kabati la sukari kwa ufunguo. Mwisho nilijishuku mwenyewe.

Sasa nikueleze kilichotokea shuleni.

Mwalimu wetu wa ufundi ni mama mmoja mrefu ambaye kabla ya kufundisha alifanya kazi katika kiwanda cha saruji. Muhula huu anatufundisha kubuni matangi ya kuhifadhia vitu vya unga na punje, hasa ile sehemu ya chini inayobana kama faneli, na mdomo wake. Anasema watu wanapojenga tangi wanafikiria kitakachoingia ndani, na mdomo wa chini wanautoboa mwishoni kwa kukisia. Siku ya kwanza alileta kijitangi cha plastiki angavu, inayoonesha ndani, chenye umbo kama la tangi letu. Alimimina mchele. Akafungua chini, mchele ukashuka wote, ukaisha. Darasa likaona ni kazi nyepesi. Kisha akamimina pumba za ngano, akafunika juu, akafungua chini. Zikatoka kidogo, zikakoma.

Mwenzangu mezani ni Furaha, msichana kutoka Bukavu. Kiswahili chake si kama chetu, lakini tukikosa neno tunaoneshana kwa mikono. Akaniambia, "Weye uko murefu. Chungulia kwa juu."

Nikasimama juu ya kiti, nikafunua tundu la mfuniko, nikatazama. Niliona shimo linaloshuka moja kwa moja, na chini yake mbao za meza. Nikasema kwa sauti, darasa zima lisikie, kwamba tangi ni tupu.

Wote wakacheka. Nilidhani wanacheka Kiingereza changu.

Furaha akanivuta mkono wa sweta. "Rukia, shuka. Kuja uone. Unasema hakuna kitu? Angalia hii yote!"

Nikashuka, nikatazama kwa ubavuni kama walivyokuwa wakitazama wao. Baba, tangi lilikuwa karibu limejaa. Pumba zilikuwa zimesimama pande zote nne kama ukuta wa kisima, na katikati kulikuwa na shimo la kadiri ya ngumi yangu. Zile zilizotoka ni za katikati tu. Za pembeni hazikusogea hata kidogo. Na mimi niliyechungulia kwa juu niliona meza nikasema tupu, kwa macho yangu mawili, nikiwa na uhakika kabisa.

Niliwaza tochi yako.

Wakati wa chakula nilimweleza Furaha habari yote. Alinisikiliza huku akila, kisha akauliza, "Na huyo papa Shaibu alisema nini?"

"Alisema tangi limekula."

"Sasa si alisema tangi? Juu ya nini mulisikia Shaibu?"

"Juu ya nini" kwao ni "kwa nini". Kwetu mtu akisema fulani amekula, hakuna anayefikiria sahani. Tunawaza karani aliyekula ofisini, au mwenyekiti aliyekula michango. Ndiyo maana Kaka Shaibu alipotaja kula, wewe ulisikia mwizi anakucheka. Nami uliponisimulia nikasikia hivyo hivyo. Labda alikuwa akikwambia alichokiona, kwa maneno ya kawaida kabisa, na tabasamu lile lilikuwa la mtu anayeona aibu kwamba mashine imemshinda. Nasema labda. Sikuwapo.

Usidhani niliamini palepale. Nilishuku kwamba mwalimu amelipanga tangi lishindwe. Baada ya kipindi nilimfuata, nikamuuliza.

"Ndiyo, nimelipanga," akasema akicheka. "Nimeweka mdomo mdogo na kuta zilizolala, kwa sababu ndivyo watu wanavyojenga. Kwa nini unauliza kama askari?"

Nikamwambia kuna mtu nyumbani ameshukiwa. Hakucheka tena. Alivuta kiti, akanieleza taratibu, na aliponiona siandiki akanipa kalamu.

Hivi ndivyo nilivyoelewa. Punje za mahindi hazijuani, kila moja inateremka kwa safari yake, kwa hiyo zinapita hata kwenye mdomo mwembamba. Pumba zinashikana mikono, na zikinywa unyevu zinashikana zaidi. Mdomo ukiwa mdogo, pumba hujijengea daraja juu yake na hakuna kinachotoka. Ukilivunja daraja, linafunguka shimo la katikati peke yake, na za pembeni zinabaki zimesimama. Kila siku unazomimina mpya zinapita katikati zinatoka, na za zamani zinakaa pembeni wiki baada ya wiki. Ukuta wa faneli usipokuwa mkali wa kutosha, au ukiwa na kutu, pumba hazitelezi juu yake.

Nilijaribu kukumbuka tangi letu. Nilishika mwisho wa futi kamba siku lilipochomelewa: mita mbili kwa mita mbili. Mdomo fundi aliupima kwa shubiri yake, shubiri moja kila upande. Kuta za faneli zimelala nusu kwa nusu, digrii arobaini na tano. Lakini pale kwenye kona, bati mbili zinapokutana, mteremko ni mdogo zaidi, kama digrii thelathini na tano tu. Nilikunja karatasi ngumu nikapima kwa kipima pembe, sikuamini, nikakunja nyingine nikapima tena. Ilikuwa kweli. Kona nne za tangi letu ni vitanda, Baba.

Jumapili nilichukua boksi la viatu jikoni, nikakata mdomo, nikamimina unga wa sembe wa Shangazi. Alikuwa ametoka tu shifti ya asubuhi kwenye kiwanda cha kufungasha viungo, bado ananuka bizari.

"Unafanya nini na unga wangu?"

"Napima mdomo, Shangazi."

"Mdomo wa nani? Nijuavyo mimi, kwenye nyumba hii mdomo unaokula unga ni mmoja, na uko hapo usoni kwako."

Nikamwonesha. Unga ulikuwa umegoma juu ya tundu, na chini hakuna kitu. Nilitegemea atanigombeza. Alikaa chini bila kuvua viatu.

"Hivyo hivyo kazini," akasema. "Bizari ikigoma tuna nyundo ya mpira, imefungwa kwa kamba isipotee. Msimamizi akigeuka tu, pa! pa! pa! Chombo chenyewe kimejaa mabonde kama uso wa mtu aliyeugua ndui."

"Na bizari inatoka?"

"Siku nyingine inatoka. Siku nyingine inashindiliwa ndiyo inakuwa jiwe." Halafu akanitazama vibaya. "Ila sikiliza. Usimsafishe mtu kwa boksi la viatu. Humjui moyo wake."

Ni kweli, simjui moyo. Lakini maneno yake yalinikumbusha nyundo ya Kaka Shaibu. Alikuwa akiligonga tangi kila jioni, wateja wakimtania, "Shaibu anabisha hodi, hajafunguliwa!" Naye anawajibu, "Mwenye nyumba kalala!" Mwaka huu, kabla ya masika, ulilipaka tangi rangi mpya ukamkataza nyundo isiharibu bati. Ulikuwa na haki, nyundo inaharibu kweli, na mwalimu anasema mabonde yake yanazidi kuzishikilia pumba. Lakini nyundo ilikuwa dawa mbaya ya ugonjwa wa kweli. Ilipoondolewa na mvua zikaanza, naona pumba zilisimama pembeni na hakuna kilichoziangusha.

Kuna jambo jingine nililolifikiria mpaka nikaumwa kichwa. Uliniambia magunia kumi na mawili yalipotea katika wiki tatu za kwanza za mvua, na baada ya hapo halijapungua hata moja. Wewe ulisema ni kwa sababu wakati huo uliweka lile kufuli la mfuniko, mwizi akaogopa. Inawezekana. Lakini mlango wa nyuma haukuwekewa kufuli, na kibati cha chini kilikuwa mikononi mwa Kaka Shaibu kama zamani. Mwizi gani hushiba, Baba? Tangi ndilo linaloweza kushiba. Pembeni kukishajaa, hakuna nafasi ya kula tena, na kinachoingia chote kinatoka.

Bado nashuku. Siku nyingine nadhani nayatafuta maneno haya kwa sababu mimi ndiye niliyemsema, na watu wanasema kisomo kikimkuta asiye na kosa humrudia aliyesingizia. Sijui kama ni hofu hiyo inayonifanya nione kisima kila mahali. Ndiyo maana sikuombi uniamini. Nakuomba upime.

Fanya hivi, mchana kukiwa na mwanga. Funga kibati cha chini. Zunguka tangi, uligonge kwa kifundo cha kidole, ukianza juu kwenye kona na kushuka polepole. Pakiwa patupu bati litalia kama sufuria. Pakiwa na pumba litakujibu kama gunia. Gonga kona zote nne, halafu gonga katikati ya kila ukuta. Ustadhi naye awepo kama atapenda, ili lisiwe neno la mtu mmoja.

Na sasa naomba kitu kikubwa kuliko vyote. Mtu yeyote asiingie ndani. Najua tabia yako, utataka kuona kwa macho yako, utashusha ngazi. Usiingie, Baba, wala usimwingize mtu mwingine, hata kwa kamba. Ukuta wa pumba uliosimama huporomoka wote kwa pamoja, na mtu akifunikwa hapati pumzi hata ya kuita. Mwalimu alipotueleza hilo alisimama kidogo akitazama dirishani. Nadhani kuna mtu aliyemjua. Mziangushe kwa mti mrefu mkiwa nje, kupitia mdomo wa chini, na anayeshika mti asimame kando, si chini ya tundu. Zitakazotoka msiwape kuku. Zimekaa na unyevu muda mrefu, zinaweza kuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mama atasikitika, lakini azifukie.

Mchoro ulio kwenye ukurasa wa mwisho ni wa mdomo mpya. Badala ya tundu la shubiri moja, ni ufa mrefu unaokwenda upande mzima wa tangi, urefu wake mara tatu ya upana au zaidi, na kuta mbili tu zinazoteremka kwa ukali kuelekea kwenye ufa huo, hivyo zile kona za kulalia hazipo tena. Kibati kifunguke chote, kisiachwe nusu, kwa sababu kikifunguliwa nusu pumba za upande wa pili zinabaki zimelala. Viungo vya kuchomelea visagwe laini kwa ndani. Sikuandika kipimo cha mteremko wala upana wa ufa. Mwalimu alinikataza. Alisema atakayekupa pembe bila kupima pumba zako juu ya bati lako, mshuku. Kwa hiyo tafuta kipande cha bati lile lile, weka pumba juu yake, zikandamize kwa tofali kutwa nzima, ondoa tofali, kisha inua bati upande mmoja mpaka ziteleze. Nipe pembe hiyo, nami nitampelekea.

Kijitangi changu na Furaha tulikijenga kwa mtindo huo. Tulimimina pumba, zikashuka zote kwa pamoja, juu zikiwa tambarare kama maji yanavyoshuka ndoo ikitobolewa. Zilizoingia mwanzo zilitoka mwanzo. Furaha alipiga makofi peke yake darasani. Mwalimu aliniuliza kama nimewahi kufikiria kusoma uhandisi nikimaliza hapa. Nilimwambia nitamuuliza baba yangu. Basi nakuuliza, lakini usinijibu sasa, jibu kwanza lile la tangi.

Msalimie Mama, umwambie sweta alilonifumia nalivaa hata ndani ya nyumba. Msalimie Bibi mzaa Mama, na mdogo wangu Saidi ambaye najua ndiye atakayekusomea sehemu zenye mwandiko mbaya. Saidi, usiruke mstari. Mpe salamu za heshima ustadhi aliyenifundisha juzuu ya kwanza, umwambie sikuandika haya kwa kudharau kisomo. Nakiogopa, ndiyo maana nimeandika. Shangazi anakusalimu, anasema goti usilitie maji baridi.

Mkiligonga tangi likalia tupu kila upande, niambie hivyo hivyo, usinionee huruma. Nitajua nimekosea. Lakini likinyamaza, naomba Ijumaa asubuhi uende mwenyewe mpaka nyumbani kwa Kaka Shaibu, unipigie, kisha umkabidhi simu yako. Mwalimu ameniruhusu niiache yangu mezani darasani saa hiyo, niipokee. Usimweleze lolote. Nataka asikie kutoka kwangu kwamba aliyemsema ni mimi.

Binti yako mwenye kukuheshimu,
Rukia